Kabla Hujafumua Tena: Mwongozo wa Kuacha Kusaka Ukamilifu

Gauni lilikuwa la satini ya kijani, la kuvaliwa kwenye sendofu Jumamosi jioni. Ijumaa asubuhi lilikuwa limekwisha, limebaki kupigwa pasi tu. Nikaona zipu ya mgongoni imevuta upande wa kushoto, kiasi cha nyuzi mbili. Nikachukua wembe, nikafumua. Nikashona upya, ikavuta kulia. Nikafumua tena. Mara ya tatu ilikaa vizuri kuliko zote, lakini nilikuwa nimeikodolea macho mno hata kila mshono nikauona umepinda, nikafumua na huo. Anayeijua satini anajua kwamba tundu la sindano halizibi. Kufikia usiku, pembeni mwa zipu palikuwa na mistari ya vitundu kama njia ya sisimizi, na mahali pamoja kitambaa kimeanza kuachia.

Mwenye nguo alikuja Jumamosi mchana. Hakugomba. Aligeuzageuza gauni, akasema, "Dada, mimi nilitaka nguo ya kuvaa leo tu." Akaenda kuazima kwa shoga yake.

Nimeshona miaka mingi tangu siku hiyo, na maneno yale hayajanitoka. Ninaandika kwa sababu ugonjwa ule ule nauona kwa watu ambao hawajawahi kugusa cherehani. Mwalimu anaandika andalio la somo mara tatu mpaka saa saba usiku, kisha anaingia darasani amechoka. Kijana ana barua ya kuomba kazi kwenye simu yake, inasubiri "kurekebishwa kidogo" mpaka siku ya mwisho ya maombi inapita. Mama hakaribishi mtu nyumbani kwa sababu makochi yamechakaa. Hawa si wavivu, na kwa kawaida ndio wenye bidii kuliko wenzao. Ndiyo maana inauma kuona bidii yote ile inavyowala wenyewe.

Kupenda kazi nzuri ni jambo jingine. Anayependa kazi nzuri hufika mahali akafurahi, akaitundika nguo ukutani na kuitazama. Anayesaka ukamilifu hafiki. Akimaliza anahisi amenusurika tu, na kesho hofu inaanza upya. Wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett, katika utafiti wao wa mwaka 1991, waliugawa ukamilifu huu mara tatu: anaojidai mtu mwenyewe, anaowadai wengine, na ule anaoamini kwamba wengine wanamdai. Mimi nilipolisoma hilo nilijikuta katika la tatu. Zipu ile sikuifumua kwa ajili ya gauni. Niliifumua kwa ajili ya macho ya wanawake mia mbili niliowawaza wamekaa ukumbini wakitazama mgongo wa mteja wangu.

Hatua ya kwanza: jichunguze wiki moja

Chukua daftari dogo, lile la bei nafuu linatosha. Kwa siku saba andika kila mara unapofanya moja kati ya haya matatu: kuchelewesha jambo kwa sababu "bado halijawa sawa", kurudia jambo ambalo lilikuwa limekwisha, au kukwepa kabisa kuanza. Andika tu ni jambo gani na lilikula muda gani. Usijilaumu na usijirekebishe bado.

La tatu ndilo hujificha. Watu wengi hudhani msaka ukamilifu ni yule anayefanya sana, lakini mara nyingi ni yule asiyeanza. Anayesema atafungua genge akipata mtaji kamili, atarudi shule akiwa na utulivu, atamwandikia baba barua ya kupatana akipata maneno mazuri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia ni yake.

Hatua ya pili: tenganisha kukata na kupinda

Hatua hii ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, na nimeitoa mezani kwangu.

Katika kushona kuna kazi mbili zisizofanana kabisa. Kuna kukata. Mkasi ukishapita kwenye kitambaa cha watu, haurudi. Hapo napima, napima tena, naweka chaki, nahakikisha nimeongeza inchi mbili za kupumulia kifuani, na pembeni nimeacha akiba ya kutosha ili nguo iweze kuachiwa mwenye nguo akinenepa. Sikubali kuongeleshwa wakati nakata. Halafu kuna kupinda upindo wa chini. Ukikosea unafumua na kupinda upya, nusu saa imetosha, na hata ukiacha ulivyo, nani atapiga magoti kuutazama?

Mambo ya maisha yako hugawanyika hivyo hivyo. Kuhesabu dozi ya dawa ya mtoto ni kukata. Kuweka sahihi kwenye mkataba wa kiwanja, kuandika namba ya simu unayotumia pesa, kuunganisha nyaya za umeme, hayo yote ni kukata. Yape umakini wako wote, na mtu akikuambia unazidisha usimsikilize. Lakini ujumbe wa kumpongeza jirani aliyejifungua ni kupinda. Rangi ya mapazia ni kupinda. Kupanga vyombo kabatini, barua pepe kwa mwenzako wa ofisini, keki ya kuzaliwa ya mtoto wa miaka miwili, yote ni kupinda.

Pitia daftari lako la wiki ile, na mbele ya kila jambo andika K ya kukata au P ya kupinda. Nilipofanya mimi, karibu kila kitu kilichokuwa kinaninyima usingizi kilikuwa P. Kibaya zaidi, siku mbili ndani ya wiki ile nilikata kitambaa nikiwa nimechoka kwa sababu usiku kucha nilikuwa nafumua mipindo. Akili ya mtu ina kiasi chake kwa siku. Ukiimalizia kwenye kupinda, unakuja kukata ukiwa huna kitu.

Hatua ya tatu: sema "imefika" kabla hujaanza

Msaka ukamilifu huamua kiwango wakati kazi inaendelea, na kiwango hicho hupanda kadiri anavyokikaribia. Dawa yake ni kukifunga mapema, kwa maandishi, kabla mkono haujagusa kitu.

Mwaka 1956 Herbert Simon, msomi wa Marekani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu hana muda wala taarifa za kumwezesha kupata kilicho bora kuliko vyote. Kinachomfaa ni kuweka kiwango, na cha kwanza kitakachokifikia akichukue, atulie. Kwetu pwani wahenga walilisema kwa nazi: mchagua nazi hupata koroma.

Andika mambo matatu au manne tu, na yawe ya kuonekana kwa macho au kuhesabika. "Chakula kiwe kizuri" hakifai, kwa sababu hakina mwisho. Kwa wageni wa Jumapili, mimi huandika hivi: wali usiwe na mawe, mchuzi utoshe watu wanane, choo kiwe safi, maji ya kunywa yawe baridi. Basi. Hayo manne yakitimia, karamu imefika, hata kama kachumbari imesahaulika na glasi hazifanani. Kwa barua ya kazi: jina la nafasi ni sahihi, vyeti vyote vimeambatanishwa, namba yangu ya simu imo, mtu mmoja mwingine ameisoma. Ikitimia, itume siku hiyo hiyo.

Ukifika ukasikia ndani yako sauti ya "lakini bado", rudi kwenye karatasi. Kama jambo hilo halimo kwenye karatasi, liandike kwa ajili ya kazi ijayo. Kazi hii imefungwa.

Hatua ya nne: pima kwa umbali wa macho ya watu

Mzee aliyenifundisha kushona pale Ngamiani, Tanga, alikuwa na utaratibu mmoja. Nikimwambia nguo ina kasoro, haji kuitazama mezani.

"Shikamoo babu, hii kola imenishinda, naona imelala."

"Marahaba mwanangu. Itundike kwenye msumari."

Naitundika.

"Rudi nyuma hatua tatu. Unaona nini?"

"Naona shati."

"Basi ipige pasi."

Alikuwa akinifundisha kwamba mimi naitazama nguo kwa umbali wa shubiri moja, kwa mwanga wa taa ya cherehani, lakini nguo inakwenda kuvaliwa na mtu anayetembea. Hatua tatu ndio umbali ambao watu watasimama naye. Kasoro inayoonekana kwa hatua tatu, irekebishe. Isiyoonekana, iache.

Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti ambao ungemfurahisha mzee wangu. Waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye vijana wangeona aibu kumvaa kifuani, wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Wakawauliza: mnadhani wangapi wameitambua picha ile? Waliovaa walikisia karibu nusu. Waliokuwa wameitambua kweli walikuwa takriban robo. Na hiyo ni fulana iliyochaguliwa makusudi iwe ya aibu. Zipu yangu ya nyuzi mbili ingeonwa na nani?

Kila jambo lina hatua zake tatu. Ujumbe wa simu husomwa mara moja, kwa haraka, mtu akiwa kwenye daladala, kwa hiyo usome mara moja tu kabla ya kutuma. Nyumba mgeni huitazama akiwa amekaa sebuleni. Nenda kakae kwenye kochi atakalokaa, tazama kinachoonekana kutoka hapo, safisha hicho. Juu ya kabati hapaonekani.

Hatua ya tano: acha kasoro moja makusudi

Hatua zilizopita ni za kufikiri. Hii ni ya mwili, na utaisikia tumboni. Wanasaikolojia wanaotibu kwa kubadili fikra na matendo hutumia zoezi la namna hii, kwa sababu hofu haiondoki kwa kubishana nayo. Huondoka ukikipa unachokiogopa nafasi kitokee, halafu hakitokei.

Gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Kushoto andika unachoogopa, kwa uwazi kabisa: "Nikipeleka chapati zisizo za duara, mama mkwe atasema sikufundwa." Kisha pika chapati zako, na moja au mbili ziache zikae kama ramani. Usizikate kwa kifuniko cha sufuria, usizifiche chini. Zipeleke. Usiombe radhi. Jioni, upande wa kulia, andika kilichotokea, yaani maneno yaliyosemwa kweli, siyo uliyoyawaza. Mimi upande wangu wa kulia niliandika: "Ameuliza kama zimebaki za kesho asubuhi."

Anza na vitu ambavyo vikiharibika havimdhuru mtu. Tuma ujumbe wenye kosa moja la herufi. Vaa khanga mbili zisizofanana ukienda dukani. Karibisha jirani wakati nguo za kufua bado ziko kwenye beseni. Uliza swali kwenye mkutano kabla hujalipanga vizuri kichwani. Fanya moja kwa siku, kwa wiki mbili, na kila mara jaza pande zote mbili za ukurasa.

Mara chache utakosolewa kweli. Mtu atasema neno. Liandike pia, na uandike ulifanya nini saa moja baadaye. Mara nyingi utakuta uliendelea kuosha vyombo.

Jambo moja gumu hapa ni lile la kutoomba radhi. Sisi tumelelewa kusema "karibuni, chakula chenyewe ndio hicho, mtatusamehe". Huo ni unyenyekevu mzuri, mgeni anaujua na anaupokea kwa "ahsante, Mungu azidishe". Usiuache. Ninachosema ni kingine: kule kumwonyesha mtu kasoro kabla hajaiona, "samahani hapa chumvi imezidi, na huu upande umeungua, na nilitaka kuweka njegere". Ukisema hivyo unamwondolea mgeni ladha ya alichokuwa anakifurahia. Wateja wangu nilikuwa nawaonyesha mshono uliopinda kabla hawajajitazama kwenye kioo. Walikuwa wanakuja kuchukua nguo, wanaondoka na wasiwasi wangu.

Hatua ya sita: mwisho wa kazi utoke nje yako

Usitegemee kuchoka ndiko kukusimamishe. Chagua kitu kinachotokea chenyewe: adhana ya alasiri, kengele ya shule, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kikifika, acha kila kilicho cha kupinda, kikiwa kimefikia pale kilipofikia. Siku za mwanzo utaona kama unatupa kazi jalalani. Vumilia siku kumi.

Picha za simuni

Hii siiti hatua, lakini lazima niiseme, kwa sababu nusu ya wateja wangu sasa huja na picha kwenye simu: "Nataka hivi hivi." Wengi hawajui kwamba nguo ya kwenye picha ya matangazo mara nyingi imebanwa kwa pini na vibanio mgongoni, upande usioonekana, ndiyo maana kiuno kimekaa vile. Huwezi kukaa na nguo hiyo, huwezi kula nayo, huwezi kuinua mikono kucheza nayo. Nyumba unazoziona huko zimepigwa picha dakika tano baada ya kusafishwa, watoto wakiwa wamefungiwa chumba cha pili.

Watafiti Thomas Curran na Andrew Hill walikusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 40,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, yaliyotolewa kati ya 1989 na 2016. Kutaka ukamilifu kulikuwa kumepanda, na aina iliyopanda kuliko zote ni ile ya kuamini kwamba wengine wanakudai. Miaka hiyo inaanza kabla ya simu hizi, kwa hiyo siwezi kuzibebesha lawama yote. Ila kama kuna kurasa ambazo kila ukizifungua unatoka umejichukia, acha kuzifuata leo. Hilo halihitaji zoezi.

Ukiwa na watoto

Hapa naomba usome taratibu. Mtoto hafuati tunachosema, anafuata mikono yetu. Nilimwona binti wa dada yangu, darasa la pili, akifuta herufi moja kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, kisha akalia kwa sababu ya tundu. Nikaiona satini yangu.

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alifundisha katika miaka ya 1950 kwamba mtoto hahitaji mama asiyekosea. Anahitaji mama wa kutosha, yule anayemjibu mtoto vizuri, na taratibu, kadiri mtoto anavyokua, anamwachia akutane na mapungufu madogo anayoweza kuyastahimili. Kwa mapungufu hayo ndipo mtoto anajifunza kuishi katika dunia yenyewe.

Kwa hiyo kosea mbele yao na uwaache waone unavyoendelea. Mwagia chai mezani, sema "nimemwaga", chukua kitambaa, futa, endelea na mazungumzo. Akikuletea daftari lenye tisini na nane, usianze na zile mbili. Muulize swali lipi lilikuwa tamu. Na akikosea herufi, mfundishe kupiga mstari mmoja juu yake na kuandika pembeni. Mimi binti yule nilimficha kifutio kwa mwezi mzima, kwa ruhusa ya mama yake. Sasa anaandika mistari mitatu kwa muda ule aliokuwa anaandika mmoja.

Pale ambapo mwongozo hautoshi

Kuna hali zinazofanana na hii lakini zinahitaji mtaalamu. Kama unanawa mikono au kukagua kitasa cha mlango mara nyingi hadi unachelewa kila mahali na huwezi kujizuia. Kama umeanza kujinyima chakula ili mwili ufikie umbo fulani. Kama usingizi umekata kwa wiki kadhaa, hakuna kinachokufurahisha, au umewaza kujidhuru, usikae na daftari peke yako. Mwambie mtu wa karibu leo, na nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya ukaombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa nazo hupokea wagonjwa hawa, na juu yake, kwa Tanzania, ziko Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe, hospitali ya afya ya akili, kule Dodoma. Walio Nairobi wana hospitali ya Mathari. Ukiwa na wazo la kujidhuru, usisubiri siku ya kliniki, nenda na mtu moja kwa moja hospitali iliyo karibu. Watu husema "Mirembe" kwa kunong'ona kana kwamba ni aibu. Si aibu.

Siku utakayorudia

Utarudia. Mimi hurudia kila msimu wa harusi, mashono yanapojaa na usingizi kupungua. Siku hiyo usianze kujifumua wewe mwenyewe kwa kushindwa kufuata mwongozo, maana huo ni ukamilifu ule ule umebadili nguo. Fungua daftari, tafuta jambo lililokushika, liandikie K au P, na kama ni P, likabidhi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo jinsi lilivyo.

Kisha weka mbali kile unachotumia kurudia. Kwa mwandishi wa ujumbe ni simu: tuma, iache chumbani, nenda jikoni. Kwa mwanafunzi ni kifutio. Kwangu ni wembe. Zamani ulikaa mezani, kushoto mwa cherehani, mkono unaufikia bila hata kutazama. Sasa uko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, ukuta wa pili. Nikitaka kufumua lazima nizime cherehani, nisimame, nivute stuli. Njiani napita mbele ya msumari ambapo nguo imetundikwa, nami nakuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.